Mti wa Mlimani, Chombo cha Pwani

Kiswahili hakizichanganyi kazi hizi mbili: nyumba hujengwa, chombo huundwa. Katika kuunda ndimo lilimotoka neno kiunzi, na mimi naamini hakuna neno linaloeleza jahazi vizuri kuliko hilo.

Ukisimama Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, macho hushukia Mazinde na nyika inayotandaa mbele yake, bahari huioni. Hata hivyo Usambara na pwani zimejuana tangu zamani. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyetawala kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862, mkono wake ulifika Tanga na Pangani. Na kwenye miteremko ya chini ya Usambara Mashariki huota mvule, mti ambao fundi wa vyombo akiupata hushukuru, kwa sababu mbao zake haziozi upesi.

Chombo huanza na mkuku, gogo refu lililonyooka ambalo ndilo uti wa mgongo. Mbele na nyuma yake husimamishwa fashini, kisha hufuata mataruma, yaani mbavu. Hapo ndipo penye elimu yenyewe. Taruma halichongwi kutoka ubao ulionyooka, maana tezo ikikata nyuzi za mti, ubavu utapasuka siku ya wimbi la kwanza. Fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe, nyuzi zikifuata kupinda kwake. Hana mchoro wa karatasi. Hutembea akitazama miti, na katika kila kombo huona sehemu ya jahazi: hili la tumbo, lile la kuelekea omo, yaani mbele.

Mbao zikishapigiliwa, huja kalafati. Fundi huchukua pamba iliyolowa mafuta, huisokota kwa viganja, huilaza kwenye ufa kati ya ubao na ubao, kisha huishindilia kwa patasi na nyundo, kidogo kidogo, mpaka mlio unabadilika na kuwa mzito. Sikio ndilo humwambia kuwa ufa umejaa. Chini hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, na juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Mtepe wa kale haukuwa hata na msumari: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa mkeka.

Chombo kitupu hakisafiri salama. Uzito ukikaa juu, upepo hukilaza. Kwa hiyo mabaharia hupakia farumi, mawe au mchanga, ndani ya ngama, sehemu ya chini kabisa, ili uzito ukae chini.

Tukirudi mlimani kwenye miti, kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia Wajerumani walijenga njia ya waya kutoka Shume hadi Mkumbara, na mierezi ya juu ikateremshwa kwenye reli ya Tanga. Baadaye misumeno iliingia Usambara Mashariki kwa nguvu, mpaka sehemu kubwa ya msitu ikalindwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Nafurahi kwa hilo, ingawa mafundi wa pwani walipoteza mvule mkubwa.

Sasa kuna misaji ya Longuza, wilayani Muheza, iliyopandwa kwa safu na kunyooka kama mishale. Inatoa mbao nzuri sana. Mataruma, fundi bado anayatafuta kwenye mwembe uliopinda nyuma ya nyumba ya mtu.