Ghala la Faili la Pamoja (NFS)

Ghala la faili la pamoja ni mpangilio ambao seva kadhaa za tovuti husoma na kuandika faili kwenye seva moja ya hifadhi kupitia mtandao wa ndani, badala ya kila seva kutegemea diski yake. Katika Unix na Linux kazi hiyo hufanywa hasa kwa itifaki ya NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya California, Marekani.

Haja ya ghala huja tovuti inapoishinda mashine moja. Maombi ya wageni hugawanywa kati ya seva mbili au tatu. Mtu hupakia picha kupitia seva ya kwanza, ombi lake linalofuata huangukia ya pili, na huko picha haipo. Kunakili faili kwa programu ya rsync kila baada ya dakika chache hupunguza tatizo bila kuliondoa.

Historia

Sun ilianzishwa mwaka 1982 na kuuza kompyuta za wahandisi, baadhi zikiwa hazina diski kabisa. Kompyuta ya namna hiyo ilihitaji kuzipata faili za mbali kana kwamba ziko ndani yake. Toleo la kwanza la NFS lilibaki kwenye majaribio ya kampuni. Toleo la 2 lilitoka mwaka 1985 pamoja na mfumo wa uendeshaji wa SunOS 2.0. Mwaka huohuo Russel Sandberg na wenzake wanne walieleza muundo wake katika mkutano wa USENIX, chama cha watumiaji wa Unix, mjini Portland, Oregon. Sun iliweka wazi maelezo ya itifaki, washindani nao wakaitumia, na Machi 1989 yakachapishwa kama waraka wa umma wa intaneti, RFC 1094. Uamuzi huo wa busara ndio ulioifanya NFS kuwa mali ya wote.

Uzuri wa muundo wa awali ni kwamba seva haikuweka kumbukumbu ya mteja yeyote, yaani mashine inayotumia ghala. Kila ombi lilijitosheleza: faili ipi, kuanzia wapi, baiti ngapi. Seva ikizimika na kuwaka tena, mteja hurudia ombi lake na kazi huendelea. Gharama yake ilikuwa mwendo, kwa kuwa Toleo la 2 lililazimisha data ifike kwenye diski kabla ya seva kujibu. Toleo la 3 (RFC 1813, Juni 1995) liliruhusu data ikusanywe kwanza kwenye kumbukumbu na kuthibitishwa baadaye. Pia liliondoa kikomo cha GB 2 kwa faili moja. Toleo la 4, lililotangazwa mwaka 2000 na kurekebishwa 2003, liliingiza kufuli za faili, zinazozuia wawili kuandika faili moja kwa wakati mmoja, ndani ya itifaki yenyewe na kupitisha kila kitu kwenye mlango mmoja wa mtandao, namba 2049.

Uwekaji

Seva ya hifadhi hutaja katika /etc/exports saraka inazotoa na anwani zinazoruhusiwa. Seva za tovuti hupachika saraka hizo kwa amri ya mount au kwa mstari katika /etc/fstab.

Kosa la kawaida liko kwenye namba za watumiaji. Katika mpangilio wa kawaida ghala huamini namba, si jina. Mtumiaji wa seva ya wavuti ni www-data mwenye namba 33 katika Debian, lakini ni apache mwenye namba 48 katika Red Hat. Mashine za aina mbili zikichanganywa, faili iliyoandikwa na moja huonekana kwa nyingine kuwa ya mgeni. Chaguo la root_squash, linalomshusha root (msimamizi mkuu) wa mbali awe mtumiaji asiye na mamlaka, lisiondolewe kwa ajili ya urahisi. Ghala liwe kwenye mtandao wake wa ndani, lisionekane kutoka intaneti.

Upachikaji wa hard humfanya mteja asubiri mpaka ghala lijibu. Ule wa soft humrudishia kosa baada ya muda, na data iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika. Kwa faili za tovuti, hard ndio sahihi, ingawa ghala likianguka tovuti zote huganda pamoja. Udhaifu huu ni mkubwa kuliko mingine yote: kukusanya faili mahali pamoja ni kukusanya na hatari.

Tovuti za PHP hufungua faili ndogo nyingi kwa kila ukurasa, na kila ufunguaji unaweza kuwa safari ya mtandao. Kwa hiyo ni bora msimbo ukae kwenye diski ya kila seva, na picha na nyaraka zilizopakiwa ndizo ziwekwe ghalani. Linux hukumbuka sifa za faili kwa sekunde 3 hadi 60, hivyo badiliko linaweza kuchelewa kuonekana upande wa pili. Hifadhidata za MySQL zibaki kwenye diski za seva ya MySQL yenyewe.

Barua pepe nazo zinaweza kukaa ghalani: muundo wa Maildir wa Daniel J. Bernstein huweka kila ujumbe katika faili yake, hivyo hauhitaji kufuli.

Vifaa maalumu

Kampuni ya NetApp, iliyoanzishwa mwaka 1992, ilijenga mashine za ghala zenye picha za papo hapo za mfumo wa faili. RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, hulinda dhidi ya kufa kwa diski. Haimrudishii mtu faili aliyoifuta; hapo ndipo picha hizo husaidia.

Njia nyingine

Itifaki ya iSCSI (2004) hutoa diski tupu kupitia mtandao. Seva mbili zikipachika mfumo wa faili wa ext4 uleule kwa pamoja, data huharibika. Mifumo ya Ceph na GlusterFS hutawanya faili kwenye mashine nyingi.

Hali ya sasa

Oracle iliinunua Sun mwaka 2010. Toleo la 4.2 la NFS lilichapishwa Novemba 2016, na huduma ya EFS ya Amazon, iliyofunguliwa kwa wateja wote mwaka huohuo, hutumia Toleo la 4.