Udongo Uwahi Ungali Maji: Historia Iliyomo Kwenye Vigae Vyetu



Ukitembea Unguja Ukuu, au Tumbe kule Pemba, mguu hukanyaga vigae vya vyungu. Vingi vina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Tunavipita kama takataka, kumbe ni kazi ya mikono, na desturi ya mwambao wetu inatuambia mikono hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake.

Wanaakiolojia huviita vyungu vya kale hivi vya mapokeo ya Tana. Vilifinyangwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na vimechimbuliwa Shanga kisiwani Pate, Unguja, Pemba, Kilwa hadi visiwa vya Komoro. Alama yao kubwa ni pembetatu zilizokwaruzwa shingoni na kujazwa mistari. Pembetatu hizo hazikuchorwa wakati wowote tu. Zilikuwa na saa yake.

Udongo mbichi hupita hali tatu kabla ya moto. Kwanza ni laini na unanata. Hapo ndipo chungu hupata umbo, lakini ukiuchora sana hujikunja na kuharibika. Kisha maji yaliyo kati ya chembe huanza kutoka, chembe husogeleana, na chungu husinyaa. Hufika hali ya kuwa kigumu kama ngozi: unaweza kukiinua bila kukibonyeza, na bado ncha ya kijiti huacha mstari safi. Hii ndiyo saa ya mapambo, na ya kusugua kwa kijiwe mpaka uso ung'ae. Ikipita, udongo hukauka kabisa, rangi hufifia, na ukilazimisha mchoro kingo humeguka.

Kukausha nako kuna adabu yake. Ukingo mwembamba ukipigwa na jua au upepo hukauka kabla ya kitako kinene, na ufa huingia baina yao. Ndiyo maana chungu huwekwa kivulini na kugeuzwagezwa. Na kikienda motoni kingali na unyevu ndani, maji hugeuka mvuke na chungu hupasuka. Kazi ya siku nyingi hupotea kwa dakika moja.

Baadaye mapishi yalibadilika, na vyombo navyo. Pale Chwaka, jirani na Tumbe, kuanzia karne ya 11 mchele ulichukua nafasi kubwa iliyokuwa ya mtama, na mabakuli ya kupakulia watu chakula yakawa mengi. Mengine yalipakwa udongo mwekundu na kusuguliwa yakang'ara. Mng'aro huo nao ulitaka saa ile ile ya katikati, si mapema, si kuchelewa.

Sisi Waislamu hali hizi si ngeni kwetu. Qur'ani inapozungumzia kuumbwa kwa mwanadamu, inataja udongo unaonata katika Surat As-Saffat, na udongo mkavu unaotoa sauti mfano wa vyungu katika Surat Ar-Rahman. Mfinyanzi anayagusa yote mawili kwa vidole vyake.

Chungu kisichochomwa kikinyeshewa hurudi kuwa tope, hakiachi hata kigae. Kwa hiyo kila kigae tunachokikanyaga leo kilitoka kwa mtu aliyejua kusubiri. Masultani na wafanyabiashara majina yao tunayo. Yake hatuyajui, ila mstari wa kijiti chake bado upo.

Dada yangu, ukiona kigae chenye pembetatu, kitazame kisha kiache pale pale, maana kikihama hupoteza habari ya mahali pake. Na kama kwenu yupo bibi anayejua kufinyanga, kaa naye umuulize anajuaje kuwa chungu kiko tayari. Elimu hiyo imo viganjani mwake, haijaandikwa. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji.