Habari za Daktari Z

Neno kifafa humletea msikilizaji sura ya mtu aliyeanguka chini, viungo vyatetemeka na povu li kinywani. Lakini kiko kifafa kisichomwangusha mtu. Mwenye nacho husimama, hutembea, hufungua vifungo vya nguo, hulambalamba midomo kama aonjaye chakula, na fahamu yake haimo katika hayo yote.

Mwaka 1888 John Hughlings Jackson, tabibu mashuhuri wa London, aliandika habari za mgonjwa aliyemwita Z tu. Z naye alikuwa daktari. Siku moja mama mmoja alimletea kijana wake mwenye maradhi ya kifua. Kijana alipokuwa akivua nguo, Z alihisi dalili za kifafa chake zaja. Akatoa chombo cha kusikilizia kifua, akageuka kando kidogo ili asisemeshwe. Toka hapo hakukumbuka neno. Alipozindukana alijikuta ameketi mezani, anazungumza na mtu mwingine, na kijana hayumo chumbani. Saa moja baadaye alimkuta kitandani, na cheti kimeandikwa: kichomi, chini ya pafu la kushoto. Kumbe alikuwa amempima, ameandika, na ameamuru alale mara moja! Alimpima tena kwa fahamu kamili, akaona vile vile.

Z alistaajabu kuliko alivyohuzunika. Lakini kama mkono ule ungaliandika dawa ya kudhuru, nani angalilaumiwa?

Jackson alishika kwamba sehemu za juu za ubongo huchoshwa na kifafa, na zile za chini hutenda pasipo msimamizi. Maelezo haya yatosha kwa kulamba midomo. Kwa kichomi kilichotambuliwa sawasawa, hayatoshi hata kidogo.

Z alifariki mwaka 1894. Kwa kuwa alikuwa ameonekana mara nyingi akichezesha midomo kama mwonjaji, Jackson alimwomba Walter Colman, aliyeupasua ubongo wake, achunguze sana mahali panapodhaniwa kuwa pa ladha. Colman alikuta hapo, upande wa kushoto, kidoa kidogo kilicholainika. Wakatangaza habari hiyo mwaka 1898, na jina wakaliacha vile vile, herufi moja. Jina lenyewe, Arthur Thomas Myers, halikufichuliwa mpaka mwaka 1980. Hata maelezo ya ugonjwa wake aliyoyapeleka gazetini, mwenyewe aliyatia sahihi ya Kilatini, Quaerens, yaani atafutaye.