Walter Payton
Walter Payton alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mzaliwa wa Columbia, jimbo la Mississippi. Alitoka Chuo Kikuu cha Jackson State na kusajiliwa na Chicago Bears mwaka 1975, akaichezea timu hiyo misimu yote 13 ya uchezaji wake. Kazi yake ilikuwa kukimbia na mpira, na badala ya kutoka nje ya mstari kukwepa kugongwa, alimkabili beki uso kwa uso. Tarehe 20 Novemba 1977, akiugua mafua makali, alikimbia yadi 275 dhidi ya Minnesota Vikings. Alikosa mechi moja tu maishani mwake ligini, jambo la ajabu katika mchezo unaoumiza kiasi hicho. Alitwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi hiyo, Januari 1986. Rekodi yake ya jumla ya yadi 16,726 za kukimbia na mpira ilivunjwa na Emmitt Smith mwaka 2002.