Njia ya miguu iliyotuchorea mpaka

Ukiwa Bujonde, kule Kyela, Malawi si mbali: ni kuvuka mto Songwe tu. Ng'ambo wapo Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa, na lugha zao zinasikilizana. Nani aliwatenga? Jibu lipo kwenye njia moja.

Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow, alitoa fedha ijengwe barabara kutoka Karonga, ziwa Nyasa, hadi ziwa Tanganyika, zaidi ya kilometa 300. Mhandisi wake, James Stewart, akafa 1883. Kilichojengwa ni kipande tu, kwingine ilibaki njia ya miguu. Lakini ilipitisha kila kitu: wamisionari, pembe za ndovu, barua. Hata meli ya Good News ilipita humo vipande vipande, ikibebwa na wapagazi, ikaja kushushwa majini Tanganyika mwaka 1885.

Wajerumani nao wakaitaka njia hiyo. Waingereza wakagoma. Mkataba wa Julai 1, 1890 ukaiacha upande wa Waingereza, na mpaka ukafuata Songwe. Wenye mto hawakuulizwa.

Ndiyo maana leo mtu wa Kyela anayekwenda kumzika mjomba wake Karonga anaulizwa hati pale Kasumulu. Jina la Stevenson limo vitabuni, ya wapagazi walioibeba meli hayamo. Wajukuu wao bado wapo, pande zote mbili za mto. Sisi wenye kalamu twendeni tukawaulize.