Kusomea kriminolojia: milango iliyo wazi na iliyofungwa kwa mkimbizi wa Nakivale

Kijana wa Nakivale anayetaka kusomea kriminolojia chuo kikuu hana budi kujua jambo moja kabla ya kulipa ada. Ibara ya 211 ya Katiba ya Uganda inataka askari wote wa polisi wawe raia wa nchi hiyo, na ibara ya 215 inaweka sharti hilohilo kwa Magereza. Kazi mbili ambazo wengi huzifikiria kwanza wanaposikia jina la somo hili hazipatikani kwa mkimbizi, hata awe amefaulu kuliko wenzake wote darasani.

Hata hivyo, kriminolojia si mafunzo ya upolisi. Ni elimu ya jamii inayochunguza kwa nini watu huvunja sheria, nani hudhurika, na kama adhabu inayotolewa inasaidia au inaongeza tatizo. Haifundishi pia kupima damu wala kusoma alama za vidole. Hiyo ni sayansi ya maabara, inayodai kemia na biolojia tangu sekondari. Vijana wengi huchanganya mambo haya mawili, pengine kwa sababu ya filamu.

Historia ya somo lenyewe inamgusa mkimbizi moja kwa moja. Mwaka 1876 daktari wa Italia, Cesare Lombroso, alidai kwamba mhalifu huzaliwa hivyo na hutambulika kwa umbo la fuvu na uso wake. Dai hilo lilikataliwa na wataalamu waliomfuata. Mwaka 1942 Clifford Shaw na Henry McKay walichapisha uchunguzi wao wa mji wa Chicago: wahamiaji wa taifa moja walihama mitaa maskini, wa taifa jingine wakaingia, lakini kiwango cha makosa ya vijana katika mitaa hiyo kilibaki juu. Tatizo lilikuwa hali ya mtaa, si asili ya watu. Katika Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958 ambako leo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo ni majirani, hoja hiyo ina uzito wake kila wizi unapotokea na kidole kikaelekezwa kwa kabila fulani.

Ajira iliyo karibu zaidi imo ndani ya makazi yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi. Ugomvi mdogo husikilizwa kwanza na viongozi wa mabaraza ya ustawi wa wakimbizi. Makosa makubwa huenda polisi, na mazito kama mauaji huishia Mahakama Kuu, yenye tawi lake mjini Mbarara. Kati ya kijiji na mahakama kuna mwanya mpana: mama aliyepigwa asiyejua pa kuanzia, mtoto aliyekamatwa ingawa hajafikisha miaka 12 ambayo sheria ya Uganda inahitaji ili ashtakiwe, shahidi anayejua Kiswahili pekee mbele ya hakimu anayeandika kwa Kiingereza. Mashirika yanayolinda watoto, yanayohudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia au kutoa msaada wa kisheria huhitaji watu wa kuuziba. Hapo ndipo mhitimu anayejua Kiswahili na Kinyarwanda ana nafasi ambayo mgeni kutoka Kampala hana.

Nchini Uganda wengi hulifikia somo hili kupitia shahada ya sheria, sosholojia au ustawi wa jamii. Kenya, Chuo Kikuu cha Egerton kinafundisha kriminolojia na masomo ya usalama kama shahada kamili. Popote anapoomba, mwombaji athibitishe kwanza kwamba kozi imeidhinishwa na baraza la elimu ya juu la nchi husika, na aulize kama atatozwa ada ya raia au ya mgeni. Mwenye cheti cha sekondari cha Kongo au Burundi hukipeleka kwa baraza la mitihani la Uganda, UNEB, ili kilinganishwe. Aliyetimiza miaka 25 anaweza kufanya mtihani maalumu wa watu wazima. Kwa upande wa fedha, ufadhili wa DAFI wa Ujerumani na UNHCR, ulioanza mwaka 1992, unawahusu pia wakimbizi walio Uganda, ingawa nafasi ni chache na ushindani mkali.

Wapo wanaosubiri kuhamishiwa nchi ya tatu, na kwao kuna hesabu nyingine. Shahada ya sheria imefungwa na sheria za nchi moja: wakili aliyepita Kituo cha Mafunzo ya Sheria, hata katika kampasi yake ya Mbarara, akifika ng'ambo huanza upya kutafuta leseni. Kriminolojia haina leseni ya kupoteza. Tena mlango uliofungwa Uganda unaweza kufunguka huko. Polisi wa jimbo la Victoria, Australia, kwa mfano, hupokea maombi ya wakazi wa kudumu wasio raia, mradi wafaulu mtihani, vipimo vya afya na uchunguzi wa mwenendo wao, ukiwemo wa miaka waliyoishi nje ya Australia.