Katuruka: kijiji kilichohifadhi historia yake chini ya mti

Ukitembea kusini mwa mji wa Bukoba, upande wa Maruku, utaona kila kijiji kama kisiwa. Katikati ni vibanja vya migomba na mibuni. Pembeni ni rweya, yaani uwanda wa nyasi usio na rutuba. Mvua ya Bukoba ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na huosha udongo kwelikweli. Kibanja kinastawi kwa sababu watu, kizazi hadi kizazi, wamekilisha nyasi za rweya na samadi ya ng'ombe.

Katuruka ni mojawapo ya visiwa hivyo. Wazee wake walikuwa wakisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alitaka kuona mbinguni kukoje, akawaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma. Mnara ukaanguka. Mahali penyewe palikuwa na mti mkubwa ulioitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufua chuma.

Hadithi tu? Mwaka 1970 Peter Schmidt, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Marekani, aliamua kuchimba pale wazee walipomwonyesha. Kumbe chini kulikuwa na mabaki ya kazi ya chuma, na mkaa uliopimwa ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000. Tarehe za kale kabisa bado zinabishaniwa, lakini hakuna anayekataa kwamba wahunzi walikuwepo hapo zamani sana. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwaka 1978. Schmidt alidai kwamba mabomba ya udongo yaliyoingia ndani ya tanuri yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa. Wataalamu wengine walimpinga, na mjadala ukaendelea kwa miaka.

Sasa fikiria: bila wale wazee, nani angejua pa kuchimba?

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba mfululizo. Waliokuwa wakisimulia walipungua, na wengi waliopaswa kurithi masimulizi waliwatangulia wazazi wao kaburini. Schmidt aliporudi baada ya miaka mingi, alikuta wanakijiji wenyewe wana wasiwasi. Wakaanza kuwahoji wazee waliobaki, wakasafisha eneo la Kaiija na kuanzisha makumbusho yao.

Sisi wanafunzi tumezoea kuanzia maktaba. Ukienda likizo kijijini, anza na bibi yako. Muulize kile kilima kinaitwaje na kwa nini, kisha rekodi jibu kwenye simu. Usisubiri likizo ijayo.